Namna ya Kukadiria Daraja la Zege Lililokazwa Awali Litashuka Kiasi Gani Baada ya Miaka Mingi

Siku daraja linapokabidhiwa, mpima hupita na levo yake, huandika namba za kila nukta, na namba hizo huingia kwenye kabati la michoro. Zege halijamaliza kazi yake siku hiyo. Litaendelea kubonyea chini ya uzito wake, litaendelea kusinyaa kadiri maji yanavyotoka, na kebo za chuma zilizovutwa ndani yake ili kulibana, ambazo ndizo zinazolifanya liitwe zege lililokazwa awali, zitaendelea kulegea kidogo kidogo. Mambo haya matatu yanasukumana, na matokeo yake ni barabara inayozama katikati ya spani (urefu kati ya nguzo na nguzo), maji ya mvua yanayotuama, na viungo vya upanuzi vinavyogongwa na magurudumu.

Mwongozo huu ni wa mhandisi aliyeombwa aandike kwenye ripoti kwamba daraja litashuka milimita kadhaa baada ya miaka 50 au 100. Ninaamini kwa dhati kwamba jibu halali la swali hilo haliwezi kuwa namba moja. Linapaswa kuwa ukanda, wenye namba ya chini na ya juu, na mpango wa kuupima darajani. Hatua zinazofuata zinaonyesha namna ya kuufikia ukanda huo, kwa kanuni za Eurocode 2 (kanuni za Ulaya za usanifu wa zege, toleo la 2004) ambazo wengi wetu tunazitumia, na mfano mmoja wa hesabu unaopita kote.

Mfano wetu ni boksi la zege, yaani mhimili wenye uwazi ndani, lenye spani moja ya mita 60, kina cha mita 3, lililomwagwa juu ya jukwaa na kukazwa likiwa na siku 7. Zege ni C40/50, yaani nguvu ya wastani (fcm) ni megapaskali 48. Saruji ni ya kundi la kawaida, N. Eneo la mkato ni mita za mraba 6, na mzingo unaokutana na hewa, nje na ndani, ni mita 30. Unyevu wa hewa tuuchukue asilimia 80, kama daraja liko mwambao.

Hatua ya 1: Kusanya uzito wa kweli

Anza na uzito wa kudumu, kwa sababu ndio unaolibonyeza zege usiku na mchana. Malori yanapita na kuondoka. Kwa hesabu ya miaka mingi hayana uzito mkubwa. Pima boksi lenyewe, kingo, njia ya miguu, mabomba ya maji yaliyoning'inizwa, na lami.

Lami inastahili kutazamwa kwa jicho kali. Tabaka la milimita 50 kwenye upana wa mita 10 ni takriban kilonyutoni 12 kwa kila mita ya daraja. Kama uzito wa kudumu ni kilonyutoni 190 kwa mita, hiyo ni nyongeza ya asilimia 6. Barabara zetu nyingi huongezewa lami juu ya lami bila kukwangua ya zamani. Kwa hiyo uliza wanaolitunza daraja: wana desturi gani? Kama wanaongeza bila kukwangua, weka tabaka hilo kwenye hesabu tangu leo, na uandike kwenye ripoti mwaka uliodhani litaongezwa.

Hatua ya 2: Tafuta unene wa kubuni

Zege nene hukauka polepole, jembamba hukauka haraka. Kanuni hulikusanya jambo hili katika kipimo kimoja kinachoitwa h0, ambacho ni mara mbili ya eneo la mkato kugawanya kwa mzingo unaokauka. Kwetu: 2 × 6 ÷ 30 = mita 0.4, yaani milimita 400.

Kwa boksi la kina kimoja, h0 moja inatosha kwa makadirio ya kwanza. Kwa daraja refu la kantileva, linalojengwa kutoka juu ya nguzo kwenda pande mbili likining'inia, haitoshi hata kidogo. Juu ya nguzo slabu ya chini huweza kuwa nene mara tatu ya slabu ya juu. Chukua slabu ya juu yenye h0 ya milimita 200 na ya chini yenye 600, uzipitishe kwenye kanuni ya kusinyaa: baada ya mwaka mmoja ya juu imekamilisha takriban asilimia 76 ya kusinyaa kwake, na ya chini asilimia 38 tu. Slabu ya juu ikifupika kwanza, ncha ya kantileva huinuka, na mpima hurudi ofisini na habari njema. Miaka inayofuata slabu ya chini nayo hufupika, na ncha huanza kushuka kwa kasi ambayo hakuna aliyeitarajia. Kwa sababu hiyo, usomaji wa mwaka wa kwanza au wa pili hauwezi kuchukuliwa kama uthibitisho kwamba hesabu ilikuwa sawa. Kwenye programu, zipe slabu na kuta h0 zake kila moja.

Hatua ya 3: Jua kokoto zako

Moduli ya unyumbufu, yaani kipimo cha zege linavyokataa kubonyea, ndiyo inayoamua daraja litashuka kiasi gani siku ya kwanza, na kila kinachofuata huzidishwa kutoka hapo. Kwa zege la megapaskali 48 kanuni inatoa takriban gigapaskali 35. Lakini namba hiyo ni ya kokoto za kwatsi. Eurocode 2 yenyewe inasema upunguze asilimia 10 kwa mawe ya chokaa, upunguze 30 kwa mawe ya mchanga, na uongeze 20 kwa basalti.

Kwetu tofauti hizi ni za kila siku. Mwambao una chokaa ya matumbawe. Kuelekea Arusha na Nairobi kuna mawe ya volkano. Katikati ya Tanzania kuna granaiti. Mradi ukinunua kokoto kutoka machimbo mawili, una mazege mawili. Fanya kipimo cha moduli kwa silinda za zege la mradi wenyewe, na usiridhike na vipimo vya nguvu peke yake. Nguvu ya zege inaweza kuwa ileile kwa machimbo yote mawili huku moduli zikitofautiana sana.

Kama kuna muda, fanya pia kipimo cha kripu, yaani silinda zinazokaa chini ya mzigo usiobadilika huku ukisoma zinavyofupika. Anza mizigo zege likiwa na siku 7, nyingine 28, na nyingine 90. Hata miezi sita ya usomaji ni mali kubwa. Pima na silinda pacha zisizo na mzigo, ili uweze kutenganisha kusinyaa na kripu.

Hatua ya 4: Hesabu namba ya kripu

Kripu ni kule kubonyea kwa zege kunakoendelea wakati mzigo haubadiliki. Namba ya kripu, φ, inakwambia kubonyea huko kutakuwa mara ngapi ya kule kwa siku ya kwanza. Kwenye Kiambatisho B cha Eurocode 2 inapatikana kwa kuzidisha vitu vitatu: athari ya unyevu wa hewa na unene, athari ya nguvu ya zege, na athari ya umri wa zege lilipobebeshwa mzigo.

Kwa mfano wetu, ya kwanza ni 1.14, ya pili 2.42, ya tatu 0.63. Zidisha: φ0 ni takriban 1.76.

Sasa cheza na vipimo uone kipi kinauma. Ukikaza siku ya 3 badala ya 7, namba inapanda hadi 2.06. Ukisubiri siku 28, inashuka hadi 1.35. Ukilihamishia daraja hilohilo mahali pakavu penye unyevu wa asilimia 55, inakuwa 2.15. Mkandarasi anayetaka kuvua fomu (ukungu wa kumwagia zege) mapema ili azitumie kwenye spani inayofuata anabadilisha maisha yote ya daraja. Mhandisi anayemkubalia anapaswa kuwa na namba hizi mezani wakati anasaini.

Joto nalo lina neno. Zege la mwambao, kwenye nyuzi 30 za Selsiasi, hukomaa haraka: siku 7 zake ni sawa na takriban siku 11 za nyuzi 20. Ukiingiza umri huo, φ0 inashuka kutoka 1.76 hadi 1.62. Lakini joto hilohilo huharakisha kripu yenyewe na kulegea kwa nyaya kadiri miaka inavyokwenda, kwa hiyo nisingeishusha namba kwa sababu ya joto pekee. Ninabaki na 1.76.

Hakikisha pia kwamba mkazo wa kudumu kwenye zege hauzidi 0.45 ya nguvu bainishi, ile ambayo karibu zege lote huifikia, ya siku ile ya kukaza. Ukizidi, zege hubonyea kuliko uwiano, na hesabu zote za hapa hazifai mpaka urekebishe.

Hatua ya 5: Kusinyaa

Hapa hesabu ni fupi. Kwa C40/50 kwenye unyevu wa asilimia 80, kusinyaa kwa kukauka ni 0.24 kwa elfu. Kwa h0 ya milimita 400 zidisha kwa 0.725, unapata 0.174. Ongeza kusinyaa kwa ndani, 0.075. Jumla 0.25 kwa elfu, au milimita 15 kwenye mita 60. Peleka namba hiyo kwa anayechagua beringi (vikalio vya daraja juu ya nguzo) na viungo vya upanuzi. Nusu ya kule kukauka huchukua takriban siku 320.

Hatua ya 6: Nguvu iliyobaki kwenye kebo

Makadirio mengi huharibikia hapa, kwa hiyo tukae kidogo.

Eugène Freyssinet, Mfaransa, aliliona jambo lenyewe kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kwenye daraja lake la Le Veurdre: matao yaliendelea kushuka baada ya kujengwa, akalazimika kuyainua kwa jeki. Alipofika kwenye hataza yake ya 1928 alikuwa ameshaelewa kwamba zege linaweza kukazwa awali na likabaki limekazwa iwapo tu chuma chake ni cha nguvu kubwa sana. Jaribu hesabu yake kwa namba zetu. Kusinyaa ni 0.25 kwa elfu. Kripu chini ya mkazo wa megapaskali 6 kwenye usawa wa kebo ni 0.30. Jumla 0.55 kwa elfu, ambayo kwenye chuma ni upotevu wa megapaskali 107. Chuma cha kawaida kilichovutwa hadi megapaskali 200 kingepoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake. Waya wa leo wa megapaskali 1860, uliovutwa hadi 1300, unapoteza asilimia 8.

Ongeza kulegea kwa waya wenyewe. Waya wa kundi la pili la Eurocode 2, lile la ulegevu mdogo, hulegea asilimia 2.5 kwa saa 1000 za maabara, na kwa saa 500,000, ambazo ni takriban miaka 57, kanuni inatoa karibu asilimia 3.9. Ukichukua 0.8 ya hapo kwa sababu zege nalo linafupika, unafikia upotevu wa miaka mingi wa asilimia 11 hivi. Kipimo cha maabara hufanywa kwenye nyuzi 20. Kebo iliyo karibu na slabu ya juu chini ya lami nyeusi, kwenye jua letu, haijui nyuzi 20 ni nini. Chukua ongezeko kwenye ukanda wako wa juu.

Halafu kuna msuguano ndani ya bomba linalopitisha kebo, ambao haungoji miaka. Kwa kebo ya mita 60 inayopinda jumla ya radiani 0.3, ikiwa mgawo wa msuguano ni 0.19 na wa mtetereko (kuyumba kwa bomba kusikokusudiwa) ni 0.005 kwa mita, ncha ya mbali inapoteza takriban asilimia 11. Sasa chukua bomba lililokaa mvuani likashika kutu, likafungwa kwa nafasi kubwa likawa linayumba: mgawo 0.25, mtetereko 0.01. Upotevu unakuwa asilimia 20. Michoro ni ileile, kebo ni ileile.

Habari hii inasomeka kwenye jeki siku ya kukaza. Kebo ya mita 60 ikivutwa kwa megapaskali 1300 upande mmoja, bila msuguano ingerefuka milimita 400. Kwa hali ya kwanza inarefuka 378, kwa hali ya pili 358. Milimita 20 zile, zinazopimwa kwa futi ya chuma kwenye ncha ya waya, zinakwambia una daraja la aina gani. Simama karibu na jeki. Hakikisha alama ya rangi imewekwa kwenye waya baada ya ulegevu wa mwanzo kuondolewa, kwenye shinikizo lililokubaliwa, kisha usome mwenyewe. Karatasi ya kukaza ambayo kebo zote zimeandikwa urefu uleule hadi milimita ya mwisho haikusomwa kwenye jeki, irudishe. Karatasi halisi zitunze pamoja na hesabu, kwa maana miaka 20 baadaye zitakuwa na thamani kuliko michoro.

Hatua ya 7: Toa kubwa kwa kubwa

Kushuka kwa daraja la aina hii ni tofauti ya namba mbili kubwa. Uzito unalishusha, kebo zinaliinua. Kwa boksi letu, uzito wa kudumu unalishusha takriban milimita 130 katikati ya spani. Tuseme kebo zinaliinua 100. Tofauti ni 30 chini. Kwa makadirio ya haraka, zidisha kwa 1 + φ: 30 × 2.76 = milimita 83.

Sasa tuseme nguvu ya kebo ni pungufu kwa asilimia 10, jambo ambalo tumeona msuguano pekee unaweza kulileta. Kebo zinainua 90, tofauti ni 40, na jumla ya miaka mingi ni 110. Kosa la asilimia 10 kwenye kebo limekuwa kosa la asilimia 33 kwenye jibu. Ukiwahi kujiuliza kwa nini wahandisi wawili wenye programu ileile hupata majibu yaliyoachana hivyo, mara nyingi ni kwa ajili ya hiki, wala si kwa ajili ya kanuni ya kripu.

Hesabu hii ya haraka inadhani nguvu ya kebo haibadiliki. Kwa kuwa inapungua pole pole, tumia moduli iliyorekebishwa kwa umri, njia iliyoanzishwa na Trost mwaka 1967 na kukamilishwa na Bažant mwaka 1972: gawanya moduli kwa 1 + χφ, ambapo χ, namba inayopunguza kripu kwa sababu ya umri wa zege, ni karibu 0.8, kwa nguvu zile zinazokua au kupungua na wakati. Kwa nguvu za siku ya kwanza zisizobadilika, baki na 1 + φ.

Hatua ya 8: Fuata ujenzi jinsi ulivyokwenda

Daraja la kantileva hujengwa kipande kwa kipande, na kila kipande kina umri wake. Kipande cha mwisho katikati ya spani kinaweza kuwa na siku chache wakati kile cha juu ya nguzo kina miezi kumi. Ingiza kwenye programu kalenda halisi ya kumwaga, kukaza na kusogeza troli ya fomu, wala usitumie ile ya zabuni. Mvua zikisimamisha kazi wiki sita, ingiza wiki sita.

Mara kantileva mbili zinapounganishwa, daraja hugeuka kuwa mwili mmoja usiokatika, na kripu huanza kuhamisha momenti (nguvu za kupinda) kutoka hali lilivyojengwa kuelekea hali ambayo lingekuwa nayo kama lingejengwa mara moja juu ya jukwaa. Kiasi cha kuhama ni takriban φ ÷ (1 + χφ). Kwa φ ya 1.76 ni 0.73, karibu robo tatu ya njia. Momenti chanya itakayotokea katikati ya spani inahitaji kebo za slabu ya chini; kama hazipo au ni chache, hapo ndipo nyufa zitakapoanzia, na daraja lenye nyufa hushuka zaidi ya hesabu zote hizi.

Hatua ya 9: Usiuamini mstari unapolala

Fuatilia mstari wa wakati wa Eurocode 2 kwa mfano wetu. Baada ya mwaka 1 kripu imefika asilimia 66 ya mwisho wake. Miaka 5, asilimia 87. Miaka 10, 92. Miaka 30, 97. Miaka 100, 99. Kwa mujibu wa mstari huu, daraja la miaka 30 limeshatulia.

Madaraja hayakubaliani na mstari huo. Lile linalojulikana zaidi ni la Koror, kule Palau katika Pasifiki, lililokamilika 1977 likiwa na spani ya mita 241, ndefu kuliko zote za aina yake wakati ule. Lilikuwa kantileva mbili zilizokutana kwenye bawaba katikati. Katika miaka 18 katikati yake ilishuka mita 1.39, ukihesabu kutoka usawa uliokusudiwa, mita 1.61. Mwaka 1996 bawaba ilifungwa na kebo zikaongezwa. Miezi mitatu hivi baadaye, tarehe 26 Septemba 1996, daraja lilianguka na watu wawili wakafa. Takwimu zake zilifungiwa kwa sababu za kisheria hadi 2008. Zilipofunguliwa, Zdeněk Bažant wa Chuo Kikuu cha Northwestern na wenzake walizichambua: kebo zilikuwa zimepoteza takriban nusu ya nguvu. Wakakusanya na madaraja mengine zaidi ya 50 ya sehemu mbalimbali za dunia, na mengi yalionyesha tabia moja. Ukichora kushuka kwao kwenye karatasi ya logi ya muda, ambayo mwaka 1, 10 na 100 hukaa kwa nafasi sawa, mstari haulali. Unaendelea kushuka moja kwa moja.

Maana yake kwa mfano wetu ni hii. Kwa Eurocode 2, kripu kati ya mwaka wa 1 na wa 10 inaleta milimita 14, na kati ya mwaka wa 10 na wa 100 inaleta 3 au 4 tu. Kwa mstari wa logi, mara kumi ya muda huleta kiasi kilekile: 14, kisha 14 nyingine. Kwa spani ya mita 60 tofauti hiyo inavumilika. Kwa spani ya mita 120 au 200 ni daraja jingine kabisa.

Kwa hiyo, kwa spani ndefu, rudia hesabu kwa kanuni isiyolala: B4, ya Bažant na wenzake, au Model Code 2010 ya fib, shirikisho la kimataifa la zege, ambayo imetenganisha kripu ya msingi, inayokwenda kwa logi bila mwisho, na kripu ya kukauka, yenye mwisho. Kwa madaraja mafupi ya barabara kuu na reli, yale ya mihimili ya mita 30 iliyotengenezwa kiwandani, Eurocode 2 inatosha. Kwa madaraja makubwa kama la Kigongo–Busisi lililofunguliwa 2025 juu ya Ziwa Victoria, hesabu ya kanuni moja ni ndogo mno kwa dhamana iliyopo.

Hatua ya 10: Andika ukanda

Kripu inayokadiriwa kwa kanuni, bila vipimo vya maabara, huweza kukosea asilimia 20 hadi 30 bila mtu kufanya kosa lolote. Chukua 30. Kwetu φ inakuwa kati ya 1.23 na 2.29. Kwa tofauti ya siku ya kwanza ya milimita 30 na φ ya chini, jumla ni 67. Kwa tofauti ya 40, kebo zikiwa pungufu, na φ ya juu, jumla ni 132. Ongeza mstari wa logi kama spani inastahili.

Andika hivyo: kati ya milimita 67 na 132, makadirio ya kati 83. Wakubwa wengine hawapendi kusoma ukanda kwenye ripoti, wanataka namba. Wape namba ya kati kwa ajili ya kuinua fomu wakati wa kujenga ili kufidia kushuka, lakini namba ya juu ndiyo itumike kuamua mteremko wa maji, nafasi ya beringi, na uwazi juu ya maji kwa ajili ya vyombo. Kuinua fomu kupita kiasi nako kuna gharama yake: barabara yenye kilima katikati, ambayo kripu ikiwa ndogo haitashuka kamwe.

Hatua ya 11: Pima alfajiri

Weka nukta za kudumu, boliti za chuma kisichoshika kutu zilizopachikwa kwenye kingo zote mbili: juu ya kila beringi, robo spani, na katikati. Weka alama ya rejea ardhini nje ya udongo wa tuta, kwa sababu tuta nalo linashuka.

Pima kabla jua halijachomoza. Slabu ya juu ikipata joto la nyuzi 10 zaidi ya ya chini, boksi letu la mita 60 linainuka katikati milimita 15, zaidi ya kripu yote tunayoitarajia kati ya mwaka wa 1 na wa 10. Mpima aliyefika saa nne asubuhi na yule aliyefika saa kumi na moja alfajiri watakuletea madaraja mawili. Andika joto la slabu zote mbili kila mara. Funga njia kwa dakika chache au chagua muda usio na malori.

Ratiba ifuate logi: siku ya kuondoa jukwaa, mwezi 1, miezi 3, mwaka 1, miaka 3, miaka 10, na kila baada ya hapo kama mstari unavyoamuru. Usomaji wa kwanza usipochukuliwa, hakuna kitakachoufidia. Mara nyingi haukuchukuliwa kwa sababu mkandarasi alikuwa anaondoka na mradi ulikuwa unafungwa; uweke kwenye orodha ya mambo ya makabidhiano ili hati isisainiwe bila huo.

Chora usomaji kwenye karatasi ya logi, juu ya ukanda wako wa hatua ya 10. Nukta zikiwa ndani ya ukanda, rekebisha φ na nguvu ya kebo mpaka mstari wako upite katikati yake, kisha kadiria upya miaka inayobaki. Nukta zikitoka nje ya ukanda upande wa kushuka zaidi baada ya usomaji wa tatu au wa nne, usingoje wa kumi. Kagua nyufa ndani ya boksi, hasa katikati ya spani chini na karibu na viungo vya vipande. Fungua sehemu chache za vichwa vya kebo uone kama mabomba yalijazwa grauti (uji wa saruji). Kisha tafuta kwenye michoro kama msanifu aliacha mabomba matupu au vichwa vya akiba kwa ajili ya kebo za baadaye. Kwa daraja ambalo bado liko mezani, hivyo vichwa vya akiba viombe sasa hivi, pamoja na slabu na kuta zilizokaguliwa kwamba zinaweza kubeba nguvu hiyo ya ziada, wakati gharama yake bado ni ya nondo chache na zege kidogo.